Ajira Kamili, na Mume Wangu Yuko Nyumbani

Mume wangu aliachishwa kazi wiki ileile niliyokuwa nafundisha sura ya ukosefu wa ajira. Sitii chumvi. Ratiba ya somo ilikuwa imepangwa tangu mwanzo wa muhula, na barua pepe yake ikaingia Jumanne asubuhi tukiwa tunakunywa chai. Aliisoma amesimama. Akaiweka simu kifudifudi mezani, akamalizia andazi lake, ndipo akasema, "Wamefuta nafasi zetu. Sote tulio kwenye mikataba."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia nilipoifungua hii barua."

Kazi yake ilikuwa kulea miche ya ngano katika kitalu nyumba cha utafiti wa serikali, upande wetu wa Maryland, halafu kuiambukiza kutu makusudi. Kutu ni ule ugonjwa unaoacha unga wa kahawia kwenye majani, na ukishaingia shambani mkulima huvuna mabua matupu. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta mche utakaohimili. Alikulia Siha, chini ya Kilimanjaro, kwenye mashamba ya ngano, na sijawahi kumwona mtu aliyependa kazi yake vile. Jumamosi nyingine alikuwa anaamka na kwenda kuangalia tu kama joto la humo ndani liko sawa.

Mimi nafundisha uchumi jumla kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja upande wa Virginia, kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Siku ile nilivaa koti, nikaendesha gari kwenye foleni ya Beltway, barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington, kama kawaida, nikaingia darasani nikaandika ubaoni aina tatu za wasio na kazi. Wako walio njiani kutoka kazi moja kwenda nyingine. Wako ambao ujuzi wao umepitwa na wakati. Na wako ambao kazi zao zimekufa kwa sababu uchumi wenyewe umezorota, watu hawanunui, waajiri hawaajiri.

Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima anayefanya kazi mapokezi hotelini, akanyoosha mkono. "Profesa, mtu aliyepunguzwa na serikali ili bajeti ikae sawa, yeye anaingia kundi gani?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Swali lilitoka kwake tu. Mwaka huu kila mtu katika eneo hili ana ndugu au jirani wa namna hiyo. Nikajibu, "Inategemea." Nikageukia ubao.

Jumapili iliyofuata shemeji yangu alikuja kula chakula cha mchana. Ni mdogo wake mume wangu, ana kampuni ya usafirishaji na sehemu ya ghala kule Landover, malori yake hubeba samani na vifaa vya ofisi. Ni mtu mkarimu, nisimsingizie. Tulipofika nchi hii ndiye aliyetupokea, na binti yetu alizaliwa tukiwa bado tunaishi kwenye chumba chake cha chini. Lakini ana kauli zake.

"Kaka, pole," alisema, huku akijipakulia pilau. "Lakini tuseme ukweli. Serikali ni kama nyumba. Ukitumia kuliko unachopata, iko siku utafilisika. Lazima wakate."

Mume wangu alikuwa anachambua iliki kutoka kwenye sahani yake, moja moja, na kuziweka pembeni.

Nikasema, "Shemeji, serikali si nyumba. Nyumba yangu nikiacha kutumia, duka la jirani halifungwi. Serikali ikiacha kutumia, maduka yanafungwa. Matumizi yake ni mapato ya mtu mwingine."

"Hiyo ni theory, shemeji."

"Ni hesabu tu. Wewe mwenyewe ulikopa ili ununue malori."

"Malori yanaingiza hela!"

"Na mbegu ya ngano isiyoshambuliwa na kutu haiingizi?"

Akacheka. "Itaingiza lini? Mwaka gani?" Kisha akamgeukia kaka yake. "Njoo kwangu. Naku-hire kesho. Sekta binafsi ndiyo inayojenga uchumi, siyo serikali."

"Nitafikiri," alisema mume wangu.

Nilikasirika, nikawa naosha vyombo kwa kuvigonganisha. Sikumkasirikia shemeji kwa kutofautiana nami. Nafundisha watu wanaotofautiana nami kila siku, na hata wachumi wenyewe hawakubaliani. Wako wanaosema deni la serikali likikua sana linawanyang'anya wawekezaji mikopo na kuwabebesha wajukuu mzigo, na hoja yao nafundisha kwa haki. Kilichoniudhi ni urahisi wa ile sentensi. Serikali ni kama nyumba. Maneno manne, na kila mtu mezani anaitikia kwa kichwa. Mimi ili nimjibu nahitaji robo saa, ubao na chaki, na nikifika katikati, mtu amekwisha kuuliza kama kachumbari imebaki.

Kwa hiyo mwenyekiti wa umoja wetu wa wasemaji wa Kiswahili aliponipigia simu, nilikubali haraka kuliko nilivyopaswa. Ni dada mmoja muuguzi, Mkenya wa Mombasa, na umoja wenyewe ni mchanganyiko: Watanzania wengi, Wakenya, Wakongo kidogo, na Wamarekani weusi wachache waliojifunza Kiswahili na kukipenda. Tunakutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kukodi, Silver Spring.

"Watu wachanganyikiwa, bibie," aliniambia. "Kila siku wasikia bajeti, deni, nakisi. Wengine wafutwa kazi, wengine wasema ni sawa. Njoo utueleze, lakini kwa Kiswahili. Kiswahili cha watu, si cha vitabu."

Niliandaa wiki nzima, na hapo ndipo nilipogundua tatizo. Nakisi ya bajeti niliitafutia maelezo: serikali imetumia zaidi ya ilichokusanya, na pengo imeliziba kwa kukopa. Ukuaji wa uchumi hauna shida. Mfumuko wa bei kila mtu anaujua kutoka dukani. Lakini "ajira kamili" ilinigomea. Kwa Kiingereza nimelitamka neno hilo miaka kumi na kitu bila kukwama. Kwa Kiswahili lilitoka kinywani likanitazama. Kamili maana yake hakuna kilichopungua. Ngoma kamili, mwezi kamili, familia kamili. Mtu akisikia ajira kamili ataelewa kwamba kila anayetaka kazi anayo. Na sivyo tunavyofundisha. Tunafundisha kwamba uchumi uko kwenye ajira kamili wakati bado wapo watu kadhaa wasio na kazi, kiasi cha kutosha ili waajiri wasilazimike kupandisha mishahara kwa haraka, na bei zisije zikapaa.

Nilimjaribia binti yetu, wa miaka kumi na minne, akiwa anafunga viatu vya mpira. Nilimweleza kwa Kiswahili, akanisikiliza vizuri, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: sasa hao wanaobaki nje, wanaombwa kwanza?

Nikamwambia akichelewa mazoezi, shauri yake.

Siku ya mkutano nilimwambia mume wangu kwamba si lazima aje. Alikuwa hajamwambia mtu pale kuhusu kazi. Kila alipoulizwa, alisema ngano haijambo. Lakini alikuja, akavaa shati lake la bluu lililopigwa pasi, akakaa safu ya nyuma karibu na meza ya chai.

Nilianza vizuri. Nilieleza kwamba uchumi ukizorota, watu wakishika hela zao kwa hofu, serikali ikitumia zaidi ya inachokusanya inaweza kuwarudisha watu kazini, na watu wakishakuwa kazini wananunua, na wanaolipwa nao wananunua, na kodi zinarudi. Nilieleza kwamba ikifanya hivyo wakati kila kiwanda kimejaa na hakuna mikono iliyobaki, bei zitapanda tu. Kwa hiyo swali la maana si deni ni kubwa kiasi gani peke yake; ni je, kuna mikono iliyokaa bure?

Mzee mmoja Mkongo akasema kwao serikali ilichapa noti mpaka watu wakawa wanabeba pesa kwenye mifuko, na kwamba yeye hataki kusikia habari ya serikali kutumia. "Tuliteswa, mama. Minajua nini minasema." Nikasema ana haki ya kuogopa, ila pale mikono haikuwa imekosa kazi tu, mashamba na migodi na barabara vilikuwa vimevurugika, bidhaa hazikuwepo za kununua. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayemsamehe mtoto.

Kisha akasimama mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi mwenye ndevu nyeupe, aliyefundisha sekondari miaka mingi upande wa mashariki wa mto Anacostia, kwenye mitaa ya maskini ya Washington. Kiswahili chake ni fasaha kuliko cha wengi wetu, hata kinatuaibisha.

"Mwalimu mwenzangu," alisema. "Umesema ajira kamili, lakini umesema pia wapo watakaokosa kazi. Naomba unifafanulie. Hao ni akina nani?"

"Si watu maalumu," nikasema. "Ni kiwango. Leo ni huyu, kesho ni yule."

"Mtaani kwetu hawabadiliki," alisema. "Tangu nikiwa kijana ni walewale, na watoto wao."

Hakusema kwa hasira. Alikaa tu. Nilitaka kumjibu, nilikuwa na la kumjibu, kwamba wako wachumi waliolipigia kelele jambo hilo, wanaosema serikali imhakikishie kazi kila anayeitaka, na wengine wanaowapinga kwa sababu hizi na hizi. Lakini kabla sijafungua kinywa, shemeji yangu alikuwa amekwisha simama.

"Jamani, tusiogope," alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupanga malori. "Kazi zipo. Anayepunguzwa serikalini ataenda sekta binafsi, na uchumi utakua. Hata kaka yangu, huyo hapo nyuma, wamem-cut wiki tatu sasa. Nimempa kazi kwangu, bado anafikiria. Tatizo ni kuchagua kazi."

Ukumbi mzima uligeuka. Watu wapatao hamsini, nyuso hamsini, wengine na vikombe mkononi. Mume wangu alikuwa ameshika kijiko cha sukari. Alikirudisha kwenye bakuli, akajifuta vidole kwa leso, akatoka.

Mwenyekiti alisema "Haya, haya," akapiga makofi kidogo. Sikumbuki nilimalizaje. Najua nilisema asanteni.

Nilimkuta mume wangu kwenye maegesho, ameegemea gari, mikono mfukoni. Shemeji alikuwa ananifuata, anasema, "Shemeji, sikujua kwamba ni siri! Shemeji!" Nilimwambia asitusogelee. Nilimwambia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Tulipofika barabara kuu mume wangu akaniuliza, akitazama mbele, "Kwa hiyo mimi niko nyumbani ili bei zisipande?"

"Hapana. Wewe uko nyumbani kwa sababu mtu fulani aliona mstari kwenye bajeti akaufuta. Hakuna nadharia iliyomtuma. Hata hao wanaotaka nakisi ipungue, wenye akili zao, hawasemi ukate utafiti. Utafiti ndio unaokuza uchumi."

"Unanieleza mimi," alisema. "Waeleze wao."

"Nimekuwa nikiwaeleza saa nzima!"

"Nimesikia." Akashusha kioo cha dirisha. "Mwenzangu, mimi sihitaji kuelezwa. Kuna trei za miche mle ndani. Funguo wamechukua. Nani anamwagilia?"

Hakuna aliyekuwa anamwagilia. Mfanyakazi mwenzake, ambaye naye alifutwa, alipita baadaye kuchukua vitu vyake akaona kupitia kioo. Alimtumia mume wangu picha. Sikuiona, aliifuta kabla sijaomba.

Mwezi uliofuata akaenda Landover. Sikumshawishi wala sikumzuia. Akawa anapanga viti vya ofisi kwenye ghala la mdogo wake, anavifunga nailoni, anavipandisha kwenye lori. Alirudi kiuno kikimuuma, vumbi la maboksi kwenye kope. Shemeji alikuwa anamlipa vizuri na kumwita "kaka" mbele ya vijana wote, na nadhani ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Lakini neno lenyewe, samahani, halikutoka.

Na mimi darasani nilikuwa nimefika sura ya ukuaji. Ilinibidi nieleze kwamba kwa muda mrefu nchi hukua kwa watu wake, kwa vifaa vyao, na kwa wanachokijua. Nilipofika kwenye wanachokijua, nilisimama. Wanafunzi walidhani natafuta kalamu. Nilikuwa nafikiri kwamba kwa takwimu za nchi mume wangu sasa hana tatizo. Ana kazi. Ukimhesabu, anahesabika. Hakuna safu inayoonyesha kwamba mtu aliyekuwa anajua kuutambua ugonjwa kwa kugusa jani sasa anafunga viti nailoni. Niliendelea na somo. Yule mama wa hotelini aliniangalia, kisha akaandika kitu daftarini.

Kiangazi kilipoanza kuisha, viti vikapungua. Ofisi zinazopunguza watu hazinunui viti, na zile zilizokuwa zinahama ziliahirisha. Shemeji aliegesha lori moja, halafu la pili. Vijana wawili aliwaambia wapumzike kwanza. Akaja Jumapili, amechoka, amekonda shingo, akakaa kwenye kiti kilekile.

"Mizigo imekata," alisema. "Sijui watu wamepatwa na nini. Hawanunui."

Nilishika upawa hewani. Nilingoja. Nilijiambia, sasa ataona mwenyewe, sihitaji hata kusema.

"Unajua kosa liko wapi, shemeji?" aliendelea. "Hawajakata vya kutosha. Wanakata kidogo kidogo, wawekezaji wanakosa imani. Wangekata mara moja, tungekuwa tumeshapona."

Niliuweka upawa chini. Miaka yote niliyosoma, na mikopo ya masomo, na usiku wa kukesha na vitabu, havikunipa neno moja la kumwambia yule bwana ambalo lingeingia.

Aliyemjibu ni mume wangu, na hakumjibu habari ya bajeti.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "ulinisema mbele za watu."

Shemeji akaacha kutafuna.

"Nilikuwa sijamwambia hata mama huko nyumbani. Nilitaka nikishapata kazi nyingine ndiyo nimwambie yote kwa pamoja. Habari hizo alizisikia kutoka kwa jirani ambaye mwanawe alikuwa ukumbini."

"Kaka, mimi nilikuwa natetea hoja…"

"Najua. Ndiyo maana inauma. Ulihitaji mfano, ukanichukua."

Shemeji akaweka kijiko chini. Kisha akasema samahani. Aliisema kwa Kichaga cha kwao, lugha ambayo mimi siijui vizuri, lakini toni niliielewa. Mume wangu akamsogezea bakuli la kachumbari. Kati yao liliishia hapo.

Wiki chache baadaye mume wangu alipata barua ya kazi, kwenye maabara ya chuo kikuu kimoja Kansas. Ngano, kutu, kitalu nyumba, yote. Mshahara mdogo kuliko wa zamani, mkataba wa miaka miwili. Mimi nina madarasa yangu huku, na binti yuko katikati ya sekondari, anaikataa Kansas kwa lugha zote mbili, basi ikawa aende peke yake. Vitabuni hilo huitwa nguvukazi kuhama kuelekea penye mahitaji, na husifiwa kuwa dalili ya soko la ajira lililo hai. Mimi nilikunja mashati yake.

Shemeji alileta lori lake dogo kubeba vitu vya kaka yake, bure, na akasisitiza kuendesha mwenyewe njia nzima. Waliondoka asubuhi, ndugu wawili mbele, thermosi ya chai katikati yao. Kabla ya kupanda, shemeji aliniambia, "Usijali shemeji, uchumi utakaa sawa." Nikamwambia aendeshe taratibu.

Sasa mume wangu huwa anapiga simu jioni akitoka kazini. Sauti yake imerudi. Ananieleza kuhusu aina ya ngano niliyosahau jina lake, ambayo majani yake yalipata madoa machache tu kisha ugonjwa ukakoma wenyewe, na jinsi walivyoitana maabara nzima kuja kuangalia. Ninamfurahia, na namwambia hivyo. Halafu binti ananyang'anya simu, anatoka nayo hadi chumbani, nami nabaki jikoni na sahani mbili, nikiwa na hasira ambayo bado sijapata wa kumpelekea.